Nyimbo za Jembe na Majina ya Watu

Neno lisiloandikwa halipotei kwa siku moja. Hukaa kwanza vinywani mwa watu wengi, kisha vinywani mwa wazee wachache, mwisho kinywani mwa mmoja. Naye akifa huzikwa nalo. Mimi ni mwalimu wa shule, na kazi yangu ni kuwafundisha watoto herufi na hesabu, kwa hiyo kitabu na kalamu naviheshimu sana. Lakini leo nataka kusema habari za nyimbo za jembe za kwetu Usukuma. Babu zetu waliweka ndani yake mambo waliyoyaona, hali hawakuwa na karatasi. Tena nataka kueleza kwa nini yatupasa sisi Wakristo kuzitunza pamoja na majina ya watu waliomo.

Watu wa Shinyanga na wa Geita wanaijua bugobogobo tangu utoto, lakini gazeti hili husomwa na watu wa nchi nyingine pia, basi nitaieleza kidogo. Bugobogobo ni ngoma ya wakulima. Mwenye shamba hukiita kikundi kije kumlimia. Wakulima hupanga mstari mmoja, kila mtu na jembe lake, na wapiga ngoma hukaa mbele yao. Ngoma ikilia, majembe yote huinuka pamoja na kushuka pamoja. Mwenye nguvu hawezi kukimbia mbele peke yake, wala mnyonge habaki nyuma, kwa maana wote hufuata mdundo mmoja. Shamba ambalo jamaa moja ingelihangaika nalo siku nyingi huisha upesi, na malipo huwa mnyama wa kuchinjwa au fedha. Siku za sikukuu ngoma ileile huchezwa uwanjani, na vijana huyarusha majembe juu na kuyadaka, watu wakashangilia.

Katika mstari ule yuko mmoja ambaye akilima kidogo kuliko wenzake hakuna amlaumuye. Huyo ndiye manju, nasi kwa Kisukuma twamwita ningi. Yeye huanzisha wimbo na wengine humwitikia. Ningi hutunga maneno mapya kila msimu: juu ya mvua iliyochelewa, juu ya bei ya pamba, juu ya kijana aliyemkimbia mkewe. Lakini sauti ya wimbo, yaani namna unavyopanda na kushuka, haibadiliki upesi namna hiyo. Maneno ya mwaka jana huachwa, na sauti huchukua maneno mengine. Hata hivyo mara kwa mara mstari mmoja wa kale, au jina moja la mtu, hubaki limeshikamana na sauti ile, na vijana huendelea kuliimba hata ambapo hawajui tena maana yake.

Wala nyimbo za kazi si za wakulima peke yao. Wasukuma wa zamani walikuwa na vikundi vya wawinda tembo. Walikuwapo Bayeye, wakamata nyoka, na Banunguli, wawinda nungunungu. Walikuwapo waliosafiri kwenda Ziwa Eyasi kuchukua chumvi. Walikuwapo wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo, safari ya miezi kwa miguu. Kila kikundi kilikuwa na nyimbo zake. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, kazi ya upagazi wa mbali ilikuwa imekwisha. Lakini kazi ikiisha nyimbo haziishi siku ileile, na vikundi vya wakulima vilirithi nyingi katika desturi za wawindaji na wapagazi waliowatangulia. Kwa hiyo mtu alimaye mtama leo huenda anaimba kwa sauti iliyotungwa na mtu aliyebeba pembe begani.

Najua wako wasomaji watakaoshtuka kuona mwalimu wa misheni akizisifu nyimbo za ngoma. Hofu yao haikuanza bure. Ngoma za kwetu ziligawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Bagika wanafuata jina la Ngika, na Bagalu mwanzilishi wao ni Gumha. Baada ya mavuno vyama hivi hushindana mahali pamoja, na washindi ni wale waliovuta watazamaji wengi zaidi. Kila upande ulitumia dawa za kuvutia watu na za kuwadhoofisha wapinzani. Tena pombe ilikuwapo, na ugomvi. Kwa sababu hizo, katika misheni nyingi za zamani, mtu aliyetaka ubatizo aliambiwa aache ngoma. Wazee wetu wa kwanza wa imani walitii, na wengine waliacha dawa, pombe na nyimbo zote pamoja, kama mtu atupaye chungu na mboga iliyomo. Siwahukumu, walikuwa katika vita ambavyo sisi hatukuvipigana.

Lakini wako wengine walioona kwamba dawa ni kitu kimoja, na sauti ya wimbo ni kitu kingine. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza kazi yake katika miaka ya 1950. Alizikusanya ngoma na vyombo vya Wasukuma, akaanzisha makumbusho, na ngoma zikapata mahali pake katika sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Ndiyo sikukuu tuiitayo Bulabo, yaani maua, ambayo mpaka leo Bagika na Bagalu hucheza huko mwezi wa sita. Kisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake na nafasi yake katika ibada. Basi mlango ulifunguliwa zamani. Lakini kuingiza wimbo kanisani kuna namna yake, nami nitaeleza jambo lililotokea katika parokia yetu, upande wa Shinyanga.

Mwalimu wa kwaya, kijana hodari, aliisikia sauti ya wimbo wa jembe arusini, akaipenda, akaitungia maneno ya kumshukuru Mungu kwa mavuno. Siku ya Misa ya mavuno kwaya ikaimba, na watu wakafurahi sana. Walipofika ubeti wa tatu, bibi mmoja mzee, ambaye huketi karibu na mlango, aliinuka akaimba kwa sauti kuu maneno mengine ya Kisukuma cha zamani, na ndani yake jina la mwanamume. Kwaya ikamaliza; yeye akaendelea peke yake mpaka mwisho wa maneno yake, kisha akaketi.

Baada ya Misa maneno yakawa mengi. Wengine walisema kwamba bibi amerudia mambo ya ngoma. Wengine walisema ni uzee. Mzee mmoja wa baraza alitaka wimbo ule usiimbwe tena kanisani, maana, alisema, tazameni ulivyoyaamsha mambo ya kale. Padre akajibu, “Kabla hatujakata neno, mtu na aende akamwulize mwenyewe.” Nami, kwa kuwa ni mwandishi wa baraza, nalitumwa.

Nalimkuta akipepeta mtama. Nikamsalimu, “Mwadila, mayu,” akaitikia, akaniletea kigoda. Nalipomwuliza juu ya wimbo aliendelea kupepeta kwa muda, kisha akasema, “Mwanangu, wimbo ule una mtu ndani yake. Ni kaka yangu.”

Akanieleza hivi. Kaka yake alikuwa mmoja wa vijana wa kikundi cha kulima, tena mwenye nguvu. Siku zile mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita, ulioanza kazi katika miaka ya 1930, ulikuwa bado wafanya kazi. Kijana akaenda Geita kutafuta fedha za kununulia ng'ombe wa mahari. Mara moja alimpelekea mama yake blanketi kwa mkono wa msafiri. Kisha mgodi ukafungwa mwaka 1966, na watu wa kwetu waliokuwako wakarudi, lakini yeye hakurudi. Mmoja alisema amekwenda kutafuta kazi upande wa kusini, mwingine alisema amevuka mpaka. Hakuna aliyeleta neno la hakika. Msimu wa kulima ulipofika, ningi wa kikundi, ambaye alikuwa rafiki yake, alitia jina lake katika wimbo. Maana ya maneno yale ni kumwita arudi, kwa sababu mahali pake katika mstari ni wazi. Tena wakulima waliacha kweli nafasi ya mtu mmoja katika mstari, na nafasi ile ililimwa na wawili waliosimama kando yake, huyu upande wake na huyu upande wake. Wakafanya hivyo kila mwaka.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Katika mkoa wa Shinyanga watu waliokuwa wakikaa mbali mbali, kila mtu kati ya mashamba yake, walihamishwa wakakusanywa vijijini. Kikundi kile kikatawanyika. Ningi akafa baadaye, na wenzake mmoja mmoja wakamfuata. Shamba la zamani sasa ni malisho. Sauti ya wimbo ilitembea ikafika arusini, lakini jina halikusafiri nayo. Lilibaki kwa dada mtu peke yake.

“Siku ile kanisani,” akaniambia, “nalisikia wimbo unakuja, unakuja, ukafika mahali pa jina lake, nao wakapita kana kwamba hapakuwa na mtu. Mwanangu, ningenyamazaje?”

Nikayaandika yote, nikayasoma mbele ya baraza. Yule mzee aliyekataa wimbo alisema bado ni wimbo wa ngoma, na mpaka leo hajabadili nia yake, nasi twaheshimiana. Padre aliamua kwamba wimbo uimbwe kwa maneno ya shukrani, na katika daftari la kwaya iandikwe sauti ilikotoka, na habari za mtu yule, na jina lake lote. Kwa heshima ya jamaa yake silitaji gazetini. Bibi alikubali, lakini aliomba jambo moja: siku kwaya itakapokwenda Geita, waimbe huko maneno ya zamani pamoja na jina.

Mwaka uliofuata palikuwa na mkutano wa kwaya Geita. Baada ya chakula cha mchana, nje ya kanisa, chini ya miti, vijana wetu waliimba maneno ya zamani. Watu wa Geita walisikiliza kwa heshima, na walikuwapo wazee waliokumbuka mgodi wa kale. Mwalimu wa kwaya akasimama akauliza kama yuko aliyepata kumjua mtu mwenye jina lile. Hakuna aliyemjua. Tuliporudi nalikwenda kumpa bibi habari, nikamwambia, “Mayu, hakuna aliyeitika.” Akakaa kimya, kisha akasema, “Lakini ameitwa.” Akaniuliza kama vijana walilitamka jina vema.

Wasomaji, jambo hili si la Wasukuma peke yao. Askofu wa kwanza wa Shinyanga, tangu mwaka 1956, alikuwa Edward McGurkin wa Shirika la Maryknoll la Marekani, na baadhi ya mapadre wa shirika hilo ni wazao wa Waayalandi. Ayalandi ni kisiwa karibu na Uingereza. Kati ya mwaka 1845 na 1852 viazi vyao viliharibika, ikaja njaa kuu. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja walihama, wengi wao wakaenda Marekani. Wengi walikuwa maskini wasio na mali ya kubeba, lakini nyimbo hazina uzito. Wapendacho sana ni nyimbo za kupigwa kwa fidla, ambayo ni chombo cha nyuzi na upinde, kama zeze la jirani zetu Wagogo. Nyimbo hizo nyingi ni sauti tupu ya kuchezea, pasipo maneno. Basi kumbukumbu huishikaje sauti isiyo na maneno? Huishika kwa jina. Desturi yao ni kuuita wimbo kwa jina la mtu aliyeupiga, au kijiji ulikotoka, au jambo lililotokea, na mpiga fidla husema ni nani aliyemfundisha.

Alikuwapo Mwayalandi mmoja, Francis O'Neill, aliyezaliwa mwaka 1848 katika jimbo la Cork. Alitoka kwao akiwa kijana, akawa baharia, kisha akaingia polisi katika mji wa Chicago, akapanda cheo hata akawa mkuu wa polisi wa mji ule tangu 1901 mpaka 1905. Nyimbo za utoto wake alizishika kichwani, lakini hakujua kuziandika kwa alama za muziki. Akamtafuta polisi mwenzake, James O'Neill, ambaye hakuwa ndugu yake ingawa jina ni moja. Francis alipiga au kuimba, na James aliandika. Wakawaendea Waayalandi wengine wa mji ule, wakaziandika na nyimbo zao. Mwaka 1903 wakatoa kitabu chenye nyimbo 1,850, na wapiga fidla hukitumia mpaka leo. Angalieni, hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa mtu wa kazi aliyeona kwamba wazee wanakufa, akamwomba ajuaye kuandika amsaidie.

Hapa kwetu pia wako waliofanya kazi hiyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na chombo cha kunasa sauti, na nyimbo alizonasa zimewekwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini. Katika parokia ya Ndoleleji, jimbo la Shinyanga, Padre Donald Sybertz wa Maryknoll na kamati ya Wasukuma wenyewe walikusanya methali, hadithi na nyimbo, na mengi ya hayo yamo katika kitabu alichokitoa pamoja na Padre Joseph Healey mwaka 1996. Tena mwaka 2010 mtaalamu wa Marekani, Frank Gunderson, alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, za wawindaji, za wapagazi na za wakulima. Twawashukuru. Lakini hakuna mgeni, hata awe mwema namna gani, awezaye kufika katika kila nyumba na kumwuliza kila bibi.

Siku hizi kunasa wimbo si kazi ngumu. Kijana mwenye simu hunasa ngoma nzima arusini, na kesho yake imefika Geita, Mwanza na Dar es Salaam. Jambo hili ni jema, nami nafurahi nikisikia vijana wa machimbo, walio mbali na kwao, wakisikiliza nyimbo za mashamba ya baba zao. Lakini simu hunasa sauti tu. Haiulizi wimbo huu ni wa nani, wala jina hili ni la nani, wala kwa nini hapa wote hunyamaza kidogo. Kuuliza ni kazi ya mtu. Tena leo kama zamani vijana wetu wanakwenda Geita. Mgodi mkubwa mpya ulianza huko mwaka 2000, na wachimbaji wadogo ni wengi sana, na katika mashimo yao hutokea misiba. Kila nyumba iliyopelekewa habari mbaya, au isiyopata habari kabisa, ina jina la mtu ambalo lingeweza kuimbwa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, na makatekista, na kila mtu ajuaye kuandika, mjitwalie daftari moja la nyimbo. Mtu akikuimbia wimbo wa zamani, andika mambo matano. La kwanza, maneno yote kwa lugha yake mwenyewe, bila kuyasahihisha. La pili, jina la aliyekuimbia, kijiji chake, na siku. La tatu, alijifunza kwa nani. La nne, wimbo uliimbwa katika kazi gani, na wapi. La tano, kila jina la mtu au la mahali lililomo, na habari zake, pamoja na ruhusa ya mwenyewe kama habari hizo zaweza kusomwa na wengine. Kama kwaya yataka kuitumia sauti yake kwa kumsifu Mungu, na iende kwanza kwa wazee wa wimbo, iulize ni nani aliyemo. Palipo na dawa au matusi, yaachwe. Palipo na jina la mtu, lisipitwe.

Sisi tusomao Maandiko twajua kwamba ndani yake mna kurasa nzima za majina matupu, ya watu waliotoka utumwani, ya watu waliojenga ukuta wa Yerusalemu, wengi wao na majina ya baba zao. Watoto wa shule huniuliza kwa nini majina yale yaliandikwa, maana yanachosha kuyasoma. Huwajibu kwamba palikuwapo mtu aliyeona haifai wasahauliwe. Katika parokia yetu daftari sasa lina nyimbo kumi na saba, na wa kwanza ni ule wa bibi. Yeye yu hai bado, na siku za Jumapili huketi mahali pake karibu na mlango.